Nilivyochagua mtumbwi wangu wa kwanza Mkokotoni, na mkono niliomficha fundi

Wakuu, salaam aleikum, na wasiojibu salamu hiyo nawatakia heri vile vile.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anauliza achague vipi chombo kidogo cha kuvulia, cha mtu mmoja, na vifaa gani anunue. Majibu niliyoyaona yamenichekesha. Watu wanajibu kama wanachagua sufuria.

Sasa nakaa mimi, ambaye nimelea watoto saba na kujenga nyumba ya mawe kwa mtumbwi, nikwambieni ilivyokuwa. Sina skuli. Nimeishia darasa la tatu. Lakini kwenye jambo hili, mwenye digrii anyamaze anisikilize.

Na nitasema kweli tupu, hata pale kweli inaponivua nguo. Mkiona nimejisifu mjue na sifa zenyewe ni za kweli.

Turudi nyuma. Ni miaka sita, saba hivi baada ya Mapinduzi. Mimi kijana wa ishirini na kitu, nakaa Ng'ambo, wazee wangu walitoka bara, Wanyamwezi. Kazi yangu hamali bandarini Malindi. Gunia la karafuu kwangu lilikuwa kama mto wa kulalia. Wako waliobeba moja wakapumzika, mimi nikibeba huku napiga mluzi. Wanaonijua wanajua.

Lakini hamali ni hamali tu wakuu. Unabeba mali, na mali si yako. Msimamizi anapiga filimbi unakwenda, anapiga filimbi unarudi.

Mimi kila nikimaliza nikakaa ukingoni mwa gati na mshipi wangu, nikivua samaki, changu na tasi. Nikivua vizuri kuliko watu wenye vyombo. Nikasema, huyu mimi niliyeko ukingoni navua hivi, je nikiwa nacho changu nikatoka nje huko?

Nikaamua. Na kosa langu la kwanza, mdomo. Nikatangaza gengi zima kwamba naacha kazi, na kwamba siku nitakayorudi mjini nitarudi kwa bahari, ndani ya mtumbwi wangu mwenyewe, nitapita mbele ya gati lile lile wanione. Nafasi yangu akapewa mtu mwengine siku ile ile. Kwa hiyo kurudi nyuma hakukuwepo. Ama nipate mtumbwi, ama niwe kichekesho cha Malindi mpaka kufa.

Wajuzi wakanambia, ukitaka mtumbwi wa mtu mmoja usiokutia aibu, nenda Mkokotoni kwa Fundi Vuai. Hachongi mingi. Kwa mwaka miwili, mitatu. Lakini hakuna mtumbwi wa Fundi Vuai uliopasuka.

Nikapanda gari la shamba, yale ya mbao, nikaenda.

Fundi Vuai alikuwa mtu mfupi, mkavu, kimya. Kiwanja chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache na maji. Hapo palikuwa na vibanzi mpaka kwenye uji. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima. Nikamwamkia fundi shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kuchonga kwa tezo lake kama dakika kumi bila kuniangalia.

Khalafu akanambia kitu sijawahi kukisikia kwa fundi mwengine. Akasema yeye hauzi mtumbwi, anauozesha.

Maana yake hii. Bei mtakubaliana (sisi tulikubaliana, na si mazungumzo ya leo), lakini ukishakamilika unakwenda nao kwenye maji mbele yake. Kule kwenye mkondo kati ya Mkokotoni na Tumbatu alikuwa amechomeka boriti ya mkoko. Chini ya boriti ile kuna jiwe kubwa limefungwa kamba ya makumbi. Unapiga kafi mpaka pale, unalipandisha jiwe mpaka ndani ya mtumbwi, unamletea pwani. Ukipinduka, au ukirudi bila jiwe, unarudishiwa chako na mtumbwi anapewa mwengine aliye nyuma yako.

Na nyuma yangu alikuwepo mtu tayari. Pandu. Mvuvi wa hapo hapo Mkokotoni, mrefu, ana kicheko cha kukereketa. Aliposikia mimi ni hamali wa mjini mwenye asili ya bara akaja kuniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyepanda juu ya paa.

Akamwambia fundi, mbele yangu, kwamba gogo hilo alichonge kwa vipimo vya Pandu tu, asijisumbue, maana mtu wa bara na bahari wapi na wapi.

Mimi nikamwambia: "Wewe bahari umeikuta mlangoni kwenu. Mimi nimeifuata. Nani aliyeitaka zaidi?"

Bi Mize akacheka kule jikoni. Nikajua nina mtu mmoja upande wangu.

Sasa kijana uliyeuliza, hapa chukua karatasi.

La kwanza ni mti. Fundi alikuwa na magogo mawili, la msufi na la mwembe. Msufi ni mwepesi, unaubeba begani kama tenga, na mimi kwa ujinga wa kwanza nikaupenda. Fundi hakunikataza. Alichukua kibanzi cha msufi na kibanzi cha mwembe akavitia ndani ya ndoo ya maji, akanambia nirudi kesho. Kesho yake cha msufi kimezama mpaka nusu, kimevimba kama mkate uliotiwa chai. Cha mwembe kinaelea. Nikachukua mwembe.

Gogo lenyewe lilikuwa bado liko shamba, kiasi cha maili moja. Yeye huwa anatafuta watu sita wa kulivuta. Nikamwambia asitafute mtu. Nikalivuta mimi na watu wawili, na mmoja kati ya wawili hao alikuwa anavuta kwa mdomo tu. Fundi akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. Hiyo ni kweli wakuu, muulizeni yeyote wa Mkokotoni aliyebaki.

La pili ni vipimo. Hapa ndipo uzi wangu ulipo, someni taratibu.

Fundi Vuai alikuwa hatumii futi kamba. Alikuwa anampima mtu. Alinipeleka pwani kwenye mchanga uliotoka kulowa, akanikalisha chini, miguu mbele. Nikainuka. Akaangalia alama ya matako yangu na visigino vyangu kwa muda mrefu, akapima kwa shibiri zake, akafunga mafundo kwenye ugwe. Upana wa mtumbwi ukatoka pale. Mtumbwi ule ulikuwa umechukua sura ya mwili wangu.

Khalafu akanipa kamba iliyofungwa jiwe, akanambia nikae juu ya gogo niivute kama navuta samaki. Alitaka kuona navuta kwa mkono gani, naegemea wapi, goti gani natanguliza.

Wakuu, mimi ni mtu wa kushoto.

Nimezaliwa nao. Ule wa kulia ni mgeni mwilini mwangu. Lakini nyinyi mnajua kwetu. Mkono wa kushoto una kazi yake moja, na kazi hiyo haitajwi mbele ya chakula. Huli kwa kushoto, hutoi, hupokei, humpungii mtu mzima. Mwalimu wangu wa chuoni, chuo cha Kurani, alinifunga mkono ule kiunoni kwa ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mwaka mzima, nijifunze kushika kalamu kwa kulia. Nikajifunza. Nikajifunza vizuri mno mpaka watu wengi walionijua hawakuwahi kujua.

Sasa niko kwenye kiwanja cha mtu mzima, fundi mwenye heshima yake, ananitazama. Nitanyosha kushoto mbele yake? Niliona ni kumtukana. Na pembeni yuko Pandu, anasubiri kitu cha kucheka.

Nikavuta kwa kulia.

Nikavuta na kwa nguvu, na adabu zote. Nikaegemea kulia, nikatanguliza goti la kulia. Fundi akaitikia kwa kichwa, akafunga mafundo yake. Nikajiona mjanja.

Mjinga mimi. Sikujua anachokichonga.

Maana Fundi Vuai, na hili mafundi wengi hawalijui mpaka leo, alikuwa hachongi mbavu mbili sawasawa. Mtu akivuta samaki mkubwa kwa upande wa kulia, mwili wake wote unakwenda kulia. Kwa hiyo ubavu wa kushoto fundi anauacha mnene zaidi, unene wa kidole gumba, ili uzito wake umrudishe. Na kwenye ukingo wa kulia, katikati, anachonga kijishimo laini cha kupitishia mshipi usilike na usikukate. Kibao cha kukalia anakisogeza kidogo. Ukikaa humo, ni kama umevaa kiatu chako.

Kiatu cha kulia, nimevaa mguu wa kushoto.

Nilikaa Mkokotoni wiki tano, nalala kwa fundi, namsaidia kazi nzito. Siku zile za foleni za mchele, Bi Mize akitulisha muhogo kwa papa mkavu na nilikuwa sijali. Wakati ule nikakusanya na vifaa, na kila kimoja nilikichagua mwenyewe.

Kafi nilichukua la mti mzito kidogo, na refu kufika kidevuni mwangu nikiwa nimekaa. Usichukue kafi jepesi kwa uvivu, litavunjika siku unayolihitaji. Nanga ya jiwe lenye tundu, usiwe na haja ya chuma, chuma kikinasa kwenye matumbawe umeshakiaga. Chubwi za risasi, za kuzamishia mshipi, nikayeyusha mwenyewe kwenye kopo. Mshipi wa nailoni, ulikuwa kitu kigeni wakati ule na wazee wakiudharau, mimi nikauchukua kwa sababu nimeuona bandarini unavyovuta. Kibuyu cha maji ya kunywa. Tenga la samaki lenye mfuniko, maana ndege hawana haya.

Na upo. Vijana wa leo hamjui upo. Ni chombo cha kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje yakiingia mtumbwini. Wangu ulikuwa wa mti, Fundi Vuai aliuchonga kwa mabaki ya gogo lile lile.

Mbinu moja nawapa bure: kabla hujaukubali mtumbwi, ujaze maji kwa ndani ukiwa nchi kavu, uwache tangu asubuhi mpaka alasiri. Upake chokaa kwa nje. Pale chokaa inapolowa ndipo penye ufa. Kuna watu wanaziba ufa kwa unga wa mbao na mafuta ya papa, unapendeza wiki moja, wiki ya pili uko unaogelea.

Wangu haukulowa hata tone. Mimi nikaupaka mafuta, ukang'ara. Niliupenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote mpaka wakati ule, na mke wangu akisoma hapa anisamehe, nilikuwa sijamjua bado.

Siku ya kuozeshwa ikafika.

Asubuhi, maji yameanza kutoka. Pwani walikuja watu kama ishirini, maana Pandu aliwatangazia. Alikuja na kafi lake mkononi kabisa, eti akishapewa mtumbwi asipoteze wakati.

Nikaingia. Bi Mize akaja mpaka maji ya magotini kunipa upo. Mimi nikanyosha mkono wa kulia kuupokea, kwa adabu. Yeye akaupita ule mkono, akanitilia upo kwenye mkono wangu wa kushoto, akanikaza vidole juu yake.

Akanambia kwa sauti ndogo, "Chukua kwa unaochotea maji kisimani."

Nikashtuka. Wiki tano nikimchotea maji alfajiri pale kisimani, nikidhani niko peke yangu. Lakini hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Fundi alishanyosha kidole kwenye boriti.

Kwenda, nilikwenda. Sitawadanganya kwamba nilikwenda vizuri. Mkondo wa pale una tabia yake, unakuvuta pembeni kama mtu anayekushika kanzu. Nilipiga kafi kwa kulia, kila hatua mtumbwi unataka kugeuka, na mimi naurudisha. Mpaka nafika kwenye boriti mkono wa kulia ulikuwa umeshaishiwa nguvu.

Nikaishika ile kamba ya jiwe, nikaipitisha kwenye kijishimo cha ukingo wa kulia. Nikavuta. Jiwe likanyanyuka kidogo. Mkono ukakataa. Nikavuta tena. Ukakataa.

Na mkono wangu wa kushoto, wenyewe, bila kuulizwa, ukaichukua kamba ukaivusha upande wake.

Mwili ukafuata. Nikaegemea kushoto, juu ya ule ubavu mnene. Uzito wa mti, uzito wangu, uzito wa jiwe, vyote upande mmoja. Ukingo ukazama. Maji yakaingia kama mtu aliyekaribishwa.

Nikaiachia kamba kwa haraka, nikajitupa kulia. Mtumbwi ukarudi, lakini maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu, na kafi linaelea mle ndani. Kutoka pwani nikasikia kicheko. Katika kicheko kile nikakisikia kimoja cha kukereketa.

Hapo nilikata tamaa, nasema kweli. Nililiona gati la Malindi, niliwaona wale wenzangu wote wamejipanga. Nikaona narudi kuomba gunia.

Nikauchukua upo nianze kufua maji, angalau nisife. Nikafua, nikafua. Baada ya kitambo nikaona nafua haraka, nafua vizuri, na mkono hauchoki. Nikauangalia. Ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umeushika upo vile vile Bi Mize alivyoukaza.

Nikaangalia mtumbwi. Shimo la mshipi liko kulia. Ubavu mnene uko kushoto. Nikasema, mtumbwi hauwezi kugeuka.

Lakini mimi naweza.

Nikakishika kile kibao, nikainua mguu mmoja, nikainua wa pili, taratibu kama mtu anayevuka juu ya mtoto aliyelala. Nikageuka. Sasa naangalia tezi, yaani nyuma ya chombo, mgongo nimeipa omo, mbele yake. Na tazameni wakuu: kijishimo cha mshipi sasa kiko kushoto kwangu. Ubavu mnene uko kulia kwangu. Kila kitu kimekuwa changu.

Wazo hilo ni langu mwenyewe. Bi Mize mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema ni lake. Mungu amrehemu, tugawane.

Nikaikamata kamba kwa kushoto. Nikaegemea. Mtumbwi ukainama kidogo, ukasimama hapo, ukanishika kama mtu anayekwambia vuta, nipo. Jiwe likapanda. Likapanda kama kibaba cha mchele. Nikalilaza baina ya miguu yangu, nikachukua kafi, nikarudi pwani nyuma ikiwa mbele.

Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile Mkokotoni. Mtumbwi unakuja tezi kwanza, tezi lenyewe pana, linasukuma maji kama nyati, na juu yake hamali wa Ng'ambo anapiga kafi kwa kushoto hadharani. Na unakuja mbio. Mbio wallahi.

Pandu akapiga kelele: "Fundi, mposaji wako anarudi tako mbele!"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Mimi nikafika, nikalibeba jiwe begani, nikalitua miguuni kwa Fundi Vuai.

Fundi hakucheka. Aliniuliza, "Mkono gani ulilipandisha?"

Nikanyanyua wa kulia. Mazoea hayo wakuu, mkono unaokwenda wenyewe mbele ya mtu mzima.

"Nimekuuliza uliopandisha jiwe. Sikukuuliza wa kulia wali."

Nikashusha wa kulia. Nikanyanyua wa kushoto, mbele ya watu ishirini, mara ya kwanza tangu nifungwe ukili. Nilikuwa nasikia joto masikioni.

Akaushika. Akauangalia kiganja, akakipapasa kwa dole gumba lake kama anavyopapasa mti. Akauliza nani aliyenifundisha kuuficha. Nikamwambia mwalimu wa chuoni.

"Mwalimu wako alikufundisha adabu ya watu, na alifundisha vizuri. Bahari hupeani nayo mikono. Mimi nilikuwa nimeshakuchongea jeneza, mwanangu."



Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo mkewe baadaye aliniambia halisemi kwa watu. Kwamba mdogo wake aliazima mtumbwi aliokuwa amemchongea mtu mwengine, mtu mnene wa mkono wa kulia, na mdogo wake alikuwa mwembamba. Akatoka nao siku ya shwari. Mtumbwi ukarudi peke yake. Tangu siku hiyo ndipo akaanza kupima matako ya watu kwenye mchanga, na kuweka jiwe kwenye boriti, na kuozesha badala ya kuuza. Na mimi nikaja kumdanganya juu ya mwili wangu, kwa ajili ya heshima.

Mimi ni mtu wa maneno, mnaniona. Siku ile nilisema moja tu, nisamehe baba.

Pandu hakuachia. Alisema sharti ni sharti, mtu huyu amekwenda mbele amerudi kinyume, hakushinda, mtumbwi ni wake. Na watu wengine wakaguna kumuunga mkono, maana kweli haikuwahi kutokea.

Nikamwangalia fundi. Hapo ndipo roho yangu yote ilipokuwa.

Fundi Vuai akafikiri. Akalizunguka lile jiwe. Akasema sharti lake ni kwenda, kulipandisha na kulileta. Amekwenda, amelipandisha, amelileta. Yeye hajawahi kusema mtu arudi akiangalia wapi.

Kisha akamgeukia Pandu, akamwambia, "Na wewe pumzisha kafi hilo. Utachongewa wako, ukishajua na wewe una mkono gani."

Pandu akaondoka. Baadaye tulikuwa marafiki, lakini hiyo ilichukua miaka na chewa mmoja mkubwa niliyempelekea harusini kwake.

Fundi hakuniacha niondoke nao siku ile. Alinishika siku nne nyingine. Akalichukua lile tezi, akalipunguza kwa tezo mpaka likawa jembamba lenye kukata maji, likawa omo. Omo ya zamani akaikata kidogo, ikawa tezi. Mtumbwi mzima ukageuzwa kama shati lililovaliwa kinyume. Na siku zote nne akanikalisha pembeni ya kazi, kila anapotaka kitu anasema nipe, na nikimpa kwa kulia hakipokei. Mpaka nimpe kwa kushoto. Mtu mzima yule. Adhabu ngumu kuliko ya ukili.

Kwenye chakula, kulia. Kwenye kiwanja, kushoto. Bi Mize alikuwa anakaa mlangoni kututazama, anacheka mpaka anafuta macho kwa kanga.

Nilirudi mjini kwa bahari. Siku mbili njiani, nimelala Mangapwani. Nilipita mbele ya gati la Malindi asubuhi watu wamejaa, nikiwa nimekaa wima, napiga kafi kwa kushoto, na tenga langu lina kolekole watatu niliowavua njiani. Wale wenzangu waliweka magunia chini. Msimamizi akapiga filimbi, hawakusikia. Mimi nilisikia, nikampungia.

Kwa mkono gani, mnaujua.

Mtumbwi ule nimeuvulia miaka mingi, haukuwahi kunipindua. Kuna waliotaka kuuazima nikawakatalia, wakaniita bakhili. Waacheni waseme. Nimeuona unavyomkataa mtu asiye wake.

Lakini sifa yangu kubwa si nyumba wala samaki. Sifa yangu ni hii.

Baada ya miaka kadhaa nilikwenda Mkokotoni kumwamkia fundi. Nimekuta mteja amekuja kutoka Chukwani, mtu mzima mwenye heshima zake, kofia ya kiua, anataka mtumbwi wa mtu mmoja. Fundi Vuai alikuwa ameshazeeka. Hakumpeleka kwenye mchanga kwanza. Hakumwonesha mti. Alimuuliza, kabla ya vyote, "Wewe mkono gani?"

Yule bwana akasema wa kulia, kama watu wote. Lakini alichelewa kujibu, na mkono mmoja ulikuwa umeingia nyuma ya kanzu.

Fundi hakubishana naye. Akaninyoshea kidevu mimi, akasema, "Mwenzako huyu hapa. Muulize alirudi vipi kutoka kwenye boriti."

Nikamhadithia. Nilipofika pale pa kugeuka juu ya kibao, yule bwana akautoa mkono wake nyuma ya kanzu, akauweka juu ya paja, akauangalia kama mtu aliyetoka safari.

Basi kijana, funzo langu: mti chagua, kafi chagua, nanga chagua, lakini kabla ya vyote mwambie fundi mwili wako ulivyo. Kilema, unene, woga, mkono, kila kitu. Fundi si mkwe umfiche.

Wenye kubisha wabishe, wenye mitumbwi waseme yao, nami nipo nasoma.

Na nyinyi wa kushoto mliomo humu, najua mpo wengi. Nyosheni huo huo mnaouficha, tuhesabiane.